Kabla hujanunua tantebo nyingine, sindano yako ni ya lini?

Nikiposti tu picha ya santuri lazima kuna mtu atanifuata inboksi na swali lilelile, kaka nimejichanga hela kidogo, ninunue tantebo gani, hiyo mashine ya kupigia santuri? Na mimi huwa namrudishia swali, hiyo uliyonayo sindano yake ni ya lini? Hapo ndo unakuta kimya. Mtu ana mashine ya miaka na miaka, boksi kalipiga vanishi upya, spika kabadilisha, amplifaya kanunua yenye taa za bluu, ila sindano ni ileile iliyokuja na mashine enzi za Mwinyi, halafu analalamika santuri zake zimeisha zinakwaruza tu.

Basi leo naandika yote hapa, nikiulizwa tena natuma linki. Msimamo wangu ni huu na najua kuna watakaobisha: kwa sisi tunaoishi Moshi na Arusha hela ya kwanza iende kwenye katriji (kile kidude cha mbele ya mkono kinachobeba sindano) na sindano yenyewe, ya pili kwenye kuifunga inavyotakiwa, ya tatu kwenye priampu (kifaa cha kukuza sauti ya katriji), na tantebo yenyewe iwe ya mwisho kabisa, mradi uliyonayo inazunguka kwa spidi sahihi na mkono wake unarekebishika uzito. Wapo wanaosema kinyume na sio watu wadogo. Kule Scotland kampuni ya Linn walijijengea jina toka miaka ya 70 kwa hoja hiyohiyo kwamba tantebo ndo ya kwanza, mkono wa pili, katriji inafuata huko mwishoni, na kwa mtu mwenye duka la vifaa mtaa wa pili huenda ina mantiki. Huku kwetu mashine huchagui bwana. Unachukua iliyopatikana. Ila sindano inaingia kwenye kiganja, mtu yeyote anayerudi toka Dubai au Uingereza anakuletea kwenye begi la mkononi bila tabu, kwahiyo hapo ndo penye uhuru wa kuchagua na hapo ndo pa kutumia akili.

Mashine za huku zinatoka sehemu chache tu. Kuna radiogramu za wazee, zile kabati kubwa za mbao ambazo familia nyingi za Uchagani zilinunua kwa hela ya kahawa, hasa bei ilipopanda katikati ya miaka ya 70 baada ya baridi kuunguza mibuni Brazil 1975. Kuna mashine za madisko ya zamani. Kuna mitumba ya Japani inayopandishwa toka Dar. Kuna wageni wa mashirika wanaohama, Arusha hasa, wanauza kila kitu ndani ya wiki moja na bei wanaweka ya kuondokea. Na kuna hizi mpya za kisanduku chenye mpini, zinapendeza kwenye picha.

Nianze na hizo za sanduku nimalize haraka. Usinunue. Mkono wake hauna uzito wa nyuma wa kurekebisha, katriji ni ya seramiki inayokandamiza gramu 5 au zaidi, sasa linganisha na katriji ya kawaida ya sumaku inayotembea kwenye gramu 2 hivi. Ile inalima. Ukiwa na santuri za kuchezea mtoto sawa, ila usiweke humo kitu unachokipenda.

Radiogramu ni habari nyingine, nazipenda, na ndani yake mara nyingi utakuta Garrard au BSR, mashine za Kiingereza zenye ule mti wa katikati wa kupanga santuri kadhaa zikawa zinadondoka moja moja. Wengi wanataka kuiweka radiogramu katriji ya kisasa ya sumaku, na nimeona fundi mmoja akijaribu. Haifai. Mkono wa mashine zile umetengenezwa kubeba uzito mkubwa, una msuguano na una kazi ya kusukuma vyuma vya kubadilisha santuri, ukiulazimisha utembee kwenye gramu 2 utaruka hovyo. Halafu katriji za zamani za kristali au seramiki zinatoa umeme mwingi, amplifaya ya ndani imejengwa kwa ajili ya huo, ukiweka ya sumaku utasikia sauti ya mbu. Kwa radiogramu tafuta sindano mpya ya aina ileile basi, na kama katriji ni ya kristali na imelala pwani miaka mingi usishangae ikiwa bubu, kwasababu ile kristali ni chumvi na unyevu na joto vinaiua taratibu. Zilizokaa huku juu mlimani zina nafuu kidogo.

Yangu mimi ni Technics SL-1200 MK2, ilitoka Arusha kwa kaka mmoja wa makamo aliyekuwa anapiga disko zamani, sasa anauza vipuri vya magari. Toleo la kwanza la SL-1200 lilitoka 1972, hii MK2 ikaja 1979, wakaitengeneza miaka na miaka mpaka wakafunga mstari mzima 2010, halafu 2016 wakairudisha baada ya watu kulia sana. Ina kilo 12 na nusu kwahiyo usiende kuichukua na boda. Haina mkanda, sahani imekaa moja kwa moja juu ya mota, na spidi inalindwa na kristali ya kwatzi.

Nilifika pale nikamwamkia, shikamoo kaka, marahaba, akanikaribisha stoo, imefunikwa kitenge. Bei aliyotaja nikacheka, akacheka na yeye, tukajua tutafika. Ila kabla ya bei nilikagua hivi, na we ukienda kukagua fanya hivihivi. Washa, tazama vidoti vya pembeni mwa sahani vikimulikwa na ile taa nyekundu, vile vidoti vikubwa vinatakiwa visimame kabisa kitelezeshi cha spidi kikiwa sifuri, vikitembea kuna shida. Shika mkono kwa vidole viwili taratibu ujaribu kuutikisa juu chini na kushoto kulia kwenye egemeo lake, ukisikia unacheza hata kidogo punguza bei au ondoka, maana hapo ndo mashine hizi huumia, madijei walikuwa wanazibeba kwenye pikapu mkono haujafungwa. Yake haikuchezacheza. Waya za nyuma zilikuwa zimeunganishwa na selotepu, lakini hiyo ni kazi ya fundi ya mchana mmoja.

Halafu geuza mashine usome kibati cha chini. Hili nalirudia kwa kila mtu. Ya soko la Japani ni volti 100, ukiichomeka kwenye 230 ya Tanesco unasikia harufu tu, hamna muziki. Inahitaji transfoma ya kushusha, sio plagi ya kubadilisha miguu. Na zile za mkanda zenye mota ya AC zina mtego mwingine, spidi yake inafuata mizunguko ya umeme, huku kwetu ni hezi 50, kwahiyo mashine iliyotoka Marekani kwenye hezi 60 hata ukiipa volti sahihi itazunguka mara 27 na ushee kwa dakika badala ya 33 na theluthi, mwimbaji atakuwa kama amekunywa mbege tangu asubuhi. Hapo inatakiwa puli nyingine. Technics ya kwatzi haijali hezi, inajali volti tu.

Sasa sindano. Ile mashine ilikuja na katriji ya dijei, ncha ya mviringo, imewekwa gramu 3 na zaidi ili isiruke wakati wa kukwaruza. Kwa kazi yake ilikuwa sahihi. Kwa kukaa sebuleni usiku unasikiliza rumba ilikuwa butu, besi nzito inayojaa chumba, sauti za juu zimefunikwa.

Nilitaka kujua imechoka kiasi gani. Dada yangu anakaa Sakina na jirani yake ni dalali wa mawe ya vito, ana ile lupu ya kukuzia mara 10 ambayo haimtoki shingoni, nikampa sindano aitazame. Akaigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha, akauliza, hii ni almasi? Nikamwambia ndio mzee, almasi kabisa ila ndogo. Akasema ungeniletea kubwa basi. Alichoona ni uchafu, kinyuzi cha vumbi kimeganda kwenye ncha, lakini kuchakaa kwenyewe huwezi kuona kwa lupu ya mara 10. Kwa hilo unahitaji hadubini. Nikaenda kwa rafiki yangu anayefundisha baiolojia, tukaiweka kwenye hadubini ya maabara ukuzaji mara 100, tukaimulika na tochi ya simu kwa pembeni kwasababu mwanga wa chini haupiti kwenye kitu kama hicho, na zikaonekana: sehemu mbili bapa, moja kila upande, zinang'aa kama vioo vidogo pale ambapo ncha ilitakiwa iwe duara. Hayo ndo machakavu. Zile kingo za ubapa ndo zinazokata kuta za mfereji wa santuri. Kama una mwalimu wa sayansi kwenye ukoo mtumie, ni kipimo cha bure na hakidanganyi.

Kwenye katriji za sumaku, zile wanaita MM, uzuri wake sindano inachomoka na kuchomekwa kwa mkono bila kufungua skrubu. Nilichagua Audio-Technica VM95 kwa sababu moja tu ya kibahili, bodi (katriji yenyewe bila sindano) ni moja na sindano zake zote zinaingiliana, kuanzia ya bei ya chini yenye ncha ya mviringo, ikifuata ya umbo la yai ambayo ni E, mpaka ML na Shibata, ncha nyembamba zaidi, huko juu. Unanunua bodi mara moja, ukipata hela unapandisha sindano tu. Ortofon wa Denmark nao wana mpango kama huo kwenye 2M, ya 2M Blue inaingia kwenye bodi ya 2M Red. Watu wengi mtandaoni wanagombana Red au VM95E, mimi naona mabishano hayo yanachosha, zote mbili ni za kuanzia, zote ncha ya yai, chukua utakayoipata halisi. Neno halisi hapo nalisisitiza, maana kuna sindano zinauzwa zimeandikwa jina kubwa na ukiifungua boksi plastiki yenyewe imekatwa vibaya.

Nikaanza na E. Tofauti na ile ya dijei ilikuwa dakika ya kwanza tu. Kipimo changu huwa ni magitaa. Santuri zetu nyingi ndogo za spidi ya 45 zilipigwa chapa Nairobi, hata bendi za Tanzania, na muziki wenyewe umejengwa kwa magitaa mawili matatu yanayopishana, la kwanza linaimba, la pili linajibu, la ridhimu linashona katikati. Wale ndugu wa Kinyonga waliotoka Tanga wakakaa hapa Arusha mwanzoni mwa miaka ya 70 kama Arusha Jazz kabla hawajavuka Kenya na kuwa Simba Wanyika, wasikilize hao. Kwa sindano butu gitaa la pili na la ridhimu yanakuwa kitu kimoja, unasikia mchakacho tu. Kwa E nikaanza kuyatenganisha, nikajua nani yuko wapi.

Baadae nikapandisha ML. Hapa wengi wananiona mwendawazimu kwasababu bei yake ni kama mara tatu ya E. Ila piga hesabu na mimi. Audio-Technica wenyewe wanakadiria ncha ya yai inafanya kazi masaa 300, ML masaa 1000. Mara tatu ya bei, mara tatu na zaidi ya maisha. Kwa saa unalipa kilekile, sanasana pungufu, na kwa sisi ambao kila sindano ni kumsumbua mtu aliyesafiri na labda ushuru juu yake, kuagiza mara moja badala ya mara tatu ni faida tupu. Shida ni kwamba zile hela zinatakiwa zote kwa pamoja, ndo hapo penye maumivu.

Na kwa sikio? Inategemea santuri, na hapa ndo nataka watu wanielewe. Mfereji wa santuri ukiwa nje, kwenye LP ya inchi 12, unapita chini ya sindano kwa kama sentimita 50 kwa sekunde. Ukifika nyimbo za mwisho karibu na lebo umeshuka mpaka kama 20, mawimbi yaleyale yamebanwa kwenye nafasi ndogo, na ncha nene haiwezi kuingia kwenye vikona hivyo. Ndo maana wimbo wa mwisho wa upande siku zote unasikika kama mwimbaji ana mafua, herufi s zinapasuka. ML ni nyembamba, inaingia. Kwenye LP zangu wimbo wa mwisho sasa unalingana na wa kwanza, na hiyo kwa kweli ilinifurahisha kuliko kitu kingine chochote.

Kwenye zile 45 za Nairobi zilizochezwa baa miaka 20 matokeo yanachanganya. Zingine ML inakwenda kugusa sehemu ya ukuta ambayo sindano za zamani za mviringo hazikuifikia, unasikia muziki kama mpya wakati juu yake imechunika kwa macho. Zingine inachimbua kila uchafu na kila kovu, mpaka unatamani urudishe ile ncha butu ambayo ilikuwa inafichia siri. Kwahiyo mi naacha zote mbili, E ya santuri mbovu na ML ya nzuri, si bodi ni moja.

Kuna dawa nyingine ya santuri za zamani na haina gharama. 45 nyingi za miaka ya 60 ni mono, yaani sauti ni moja, haijagawanywa spika ya kushoto na ya kulia. Kwenye mono muziki wote uko kwenye kuyumba kwa sindano kushoto na kulia, chochote kinachoirusha juu na chini ni kelele, vumbi na makovu. Amplifaya yako ikiwa na kitufe cha mono kibonyeze, zile kelele za juu chini zinakatana zenyewe kwa zenyewe na unasikia mkwaruzo unashuka papo hapo. Sijui kwanini watu wanakipita kile kitufe.

Haya, kufunga. Hapa ndo nimeona hela za watu zikipotea, katriji nzuri imefungwa kama msumari. Uzito kwanza. VM95 wanasema gramu 1.8 mpaka 2.2, mi naweka 2. Usiamini zile namba kwenye uzito wa nyuma wa mkono, zinakadiria. Tafuta mizani ndogo ya kidijitali ya kusoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, hizihizi wanazopimia mawe, Arusha hazina shida kupatikana. Ila angalia, sahani ya mizani ikiwa ya chuma inavuta sumaku ya katriji na kipimo kinadanganya, weka kipande cha plastiki juu yake kirefushe nje kidogo, urudishe sifuri, ndo ushushe sindano. Na jitahidi kipimo kiwe kwenye kimo cha santuri. Watu wanaogopa uzito mkubwa wanaweka gramu 1 na nusu ili kuitunza santuri, kumbe sindano nyepesi kupita kiasi inarukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta, inaharibu zaidi kuliko iliyozidi kidogo.

Halafu pembe. Kuna karatasi za kupimia unaprinti bure, zina alama mbili, moja milimita 66 kutoka katikati ya sahani na nyingine 120.9, unashusha sindano kwenye kila alama na unahakikisha katriji imekaa sambamba na mistari. Sasa pale stesheneri yule kijana akaprinti kwa ile ya kujaza ukurasa, karatasi ikatoka imepungua milimita kadhaa, na mtu asiyejua angefunga kwa ile karatasi akaishi nayo. Beba rula. Pima hiyo 120.9 hapohapo kaunta kabla hujalipa, isipotimia mwambie mangi rudia, weka asilimia mia. Ukiwa na Technics kuna njia ya mkato, ncha ya sindano ikae milimita 52 kutoka kwenye ile raba ya nyuma ya hedisheli (kichwa cha mkono kinachoshika katriji), ndo kipimo cha kiwandani kwao, wajuzi wanasema sio bora kabisa ila kinafanya kazi.

Vile vinyaya vinne vya rangi nyuma ya katriji visukume kwa kibanio, sio koleo, vinakatika kwa kutazamwa. Ukikosea kimoja unapata upande mmoja bubu au besi imekimbia.

Priampu sasa, kwa ufupi maana huwa inachanganya. Katriji ya sumaku inatoa milivolti 4 tu hivi, wakati pleya ya CD inatoa volti 2. Halafu wakati wa kukata santuri besi inapunguzwa makusudi na trebo inaongezwa, mpango unaitwa RIAA, ulianza 1954 ukaja kuwa wa dunia nzima, bila hivyo mifereji ya besi ingekuwa mipana santuri isitoshe wimbo. Priampu ya fono ndo inakuza na kurudisha besi mahali pake. Ukichomeka tantebo kwenye tundu la AUX la sabufa unapata sauti ya redio ya mfukoni, halafu unalaumu sindano. Amplifaya za mitumba za Pioneer, Sansui, Kenwood za miaka ya 70 na 80 nyingi zina tundu limeandikwa PHONO na ndani yake kuna priampu nzuri sana, hiyo ndo siri ya kuokoa hela. Ila tantebo mpya zingine zina priampu yake ndani yenye swichi, ukitumia zote mbili kwa pamoja sauti inapasuka, chagua moja. Na ukisikia mngurumo wa mmmm usioisha, ule waya mwembamba wa eathi ufunge kwenye skrubu ya nyuma ya amplifaya. Tisa kati ya kumi ni hapo.

Vumbi. Wa Moshi tunajua, kiangazi likianza hata ukifunga madirisha linaingia. Mi naosha kila santuri ya mtumba kabla haijaguswa na sindano, maji ya distilled, yale ya kuongezea betri ya gari, na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kufuata mzunguko, lebo isilowe, halafu suuza na maji yaleyale bila sabuni. Ukiagiza dukani sema unataka maji, sio asidi, maana vinakaa rafu moja na chupa zinafanana. Spiriti usiguse santuri za zamani za spidi ya 78, zile sio plastiki, ni shelaki, spiriti inaziyeyusha ukiangalia.

Wanaoniuliza kuhusu MC, zile katriji za kifahari ambazo sindano haichomoki. Denon DL-103 ipo toka miaka ya 60 na bado inatengenezwa, najua inavyosifiwa. Lakini inatoa milivolti 0.3, unahitaji priampu nyingine ya kukuza zaidi, na sindano ikiisha unairudisha nzima kiwandani au kwa mtaalamu wa nje. Kwa mtu anayekaa Pasua hapa Moshi hapana asante. Waya za bei mbaya pia hapana, mkeka wa kioo hapana. Sakafu ya zege tunayo tayari, hao wa nyumba za mbao ndo wanahangaika sindano inaruka mtu akipita. We weka tu meza nzito, pima usawa kwa pima maji ya fundi ujenzi, na usiweke tantebo juu ya spika.

Kilichobaki kwangu ni 78. Sindano yake ipo, AT-VMN95SP, ncha yake ni nene kutosha mifereji ile mipana, na inaingia kwenye bodi yangu ileile. Tatizo ni mashine, MK2 ina 33 na 45 tu. Natafuta Lenco L75 ya Uswisi, ile ya spidi nne yenye kitelezeshi, hata kama haiwaki mradi mota na sahani vipo. Kama unajua mzee yeyote maeneo ya Himo, Marangu mpaka Rombo mwenye nayo stoo anitafute, usafiri juu yangu.